Kiti cha Wageni

Jumamosi nilikuwa Gasenyi, kwenye mazishi ya mchungaji mmoja mzee. Hema lilifunga barabara, viti vya plastiki vilifika hadi mlangoni kwa jirani, na kina mama wa kwaya walishona kitenge cha sare chenye picha ya marehemu. Kazi yake kubwa ilikuwa kutembelea wagonjwa. Mtaa mzima wa Ngagara, alikohudumu, uliijua baiskeli yake, na Biblia aliyoifunga kwenye mfuko mvua isiiloweshe.

Kijana wa protokole, aliyekuwa akielekeza wageni, akampa mjane kipaza sauti. "Mama, sema neno kidogo."

Akakipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea sahani.

"Pasta alilala kitandani miaka mbili. Niliweka kiti moja pembeni yake, ya wageni. Kila asubui ananiuliza: mama, leo nani anakuja? Mi namujibu, bako njiani." Akalitazama hema lote, taratibu. "Kumbe viti mulikuwa nazo."

Kiongozi wa shughuli akachukua kipaza sauti, akasema, "Amina, tunamshukuru mama," akamwita msemaji mwingine. Huyo naye akaanza: "Marehemu alikuwa baba yetu sote."

Baba gani huyo, ambaye watoto wana muda wa kumshonea sare lakini wa kumwona hawana?

Kanisa hilohilo lina mzee mwingine mgonjwa, pale Ngagara. Nilimpitia juzi. Kiti cha wageni kipo kando ya kitanda. Mkewe ameshaanza kukitumia kuwekea nguo.