Taarifa ya Mama Atija

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipangwa kaunta ya kituo cha polisi Mtwara mjini. Sajenti wa zamu alinikabidhi daftari kubwa tuliloliita kitabu cha matukio. "Kijana, mtu akileta shida yake, andika kwanza. Kuamini utaamini baadaye."

Nilipokuwa koplo nilihamishiwa kituo kidogo karibu na mto Ruvuma, mpakani. Asubuhi moja akaja Mama Atija, mkulima wa mihogo, mzaliwa wa Msumbiji.

"Afande, mwanangu Atija leo siku ya nne hajarudi. Alikwenda kwa yule fundi cherehani, kamwahidi kazi. Kavaa kitenge cha njano, kina samaki."

Fundi huyo ndiye aliyekuwa akirekebisha sare zangu. Nikacheka. "Mama, bintiyo kavuka mto karudi kwenu. Ndiyo kawaida yenu."

Sikuandika hata neno.

Kabla ya mwaka kwisha wakapotea wanawake wengine wawili. Masika yalipofukua shimo nyuma ya kibanda cha Fundi, tuliwakuta wote watatu. Atija nilimtambua kwa kile kitenge.

Mahakama Kuu ilipofanya kikao Mtwara, mimi nilitunza vielelezo, yaani vitu vya ushahidi. Watu walijaa hadi madirishani kumwona Fundi. Wakili wake akamgeukia Mama Atija.

"Mbona hukutoa taarifa mapema?"

"Nilitoa."

"Kwa nani?"

Akanitazama. Nikainamisha macho.

"Askari wakivaa kofia wote sura moja," akajibu.

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nimeshika kitenge cha mwanawe. Fundi akahukumiwa kunyongwa, na Mkuu wetu wa Upelelezi akanipa mkono: "Kazi nzuri, Koplo." Nikaupokea.

Nilistaafu na cheti cha utumishi mwema. Wageni wangu hapa nyumbani Ufukoni hawajawahi kukiona. Naona haya kukitundika. Mwaka ule ule wa kustaafu nilimfuata Mama Atija kijijini kwake. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama. Askari yule nilikuwa mimi."

"Najua. Hata mahakamani nilikujua."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, kesi ingekuwa yako. Mimi niliitaka iwe ya mwanangu."

Akaendelea kumenya. Hakunikaribisha kigoda, nami sikungoja.