Viganja vya Ukutani

Juzi nilikuta mafundi wakisugua mawe ya boma la zamani la Wajerumani, kijijini kwetu Manyoni. Harufu ya chokaa mbichi ilinirudisha mchana ule mama alipokuwa kibarua wa kuosha ukuta huohuo.

Kabla ya kushika brashi, aliuinamia ukuta. "Shikamooni."

Maji yalipoloweka chokaa kuukuu, alama za viganja vidogo zilijitokeza. Niliweka changu katika kimoja, kikaingia sawasawa. Palikuwa na joto, ingawa upande ule jua halikufika.

"Mama, mbona unawaamkia watoto?"

"Wamemzidi bibi yako umri. Toa mkono!"

Nilidhani walikuwa wakicheza. Sasa najua watoto hao walijengeshwa boma hilo kwa viboko.

Juzi niliinama, nikaamkia. Sikuthubutu kugusa.