Lenzi ya Karibu

Bibi harusi alikuwa ameulaza mkono wake juu ya mto, nami nikimchora piko, ile rangi nyeusi ya kupambia maharusi, kwenye kidole cha shahada, nyumbani kwao Ukunda. Kazi hiyo nimeifanya tangu sijaolewa. Siku hiyo nilichora kwa mazoea tu, maana kwa mwaka mzima nilikuwa nikiona kama mtu anayechungulia kupitia chandarua. Chumba kiliponyamaza, nikajua nimeharibu. Shangazi yake alichukua kitambaa kilicholowa akafuta, lakini piko ikishashika haifutiki. Bibi harusi aliolewa kesho yake na doa jeusi kidoleni.

Habari zilifika kwetu Msambweni kabla yangu. Mume wangu aliziunganisha na mengine aliyokuwa ameyanyamazia: bodaboda iliyonikosa kidogo barabarani, mafuta ya moto niliyoyamwaga kando ya kikaango. Tangu siku hiyo jiko likawa la mkaza mwanangu, mke wa kijana wetu, na mlango wa nje ukatiwa kufuli kila mume wangu alipokwenda dukani kwake. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na ndiyo maana sikuweza hata kukasirika. Nilikaa uani tangu chai ya asubuhi mpaka isha. Wanawake waliokuja kunitafuta kwa kazi walirudishwa. Nilikuwa nikisikia kandambili zao zikienda zao.

Hospitali nilikataa. Mama yangu naye alikuwa na mtoto wa jicho, nami nilikuwa msichana alipopasuliwa. Enzi hizo walimtoa lenzi iliyoingia ukungu, wasimwekee kitu mahali pake. Alipewa miwani mizito iliyomkuzia kila kitu, akawa akinyoosha mkono kushika kikombe anashika hewa. Mtu akija kwa ubavuni alimwona ghafla, akashtuka. Miwani ilipovunjika hatukupata nyingine kama ile, na miaka yake ya mwisho aliimaliza kitandani, akituuliza nani ameingia. Basi kila waliponitajia kupasuliwa, niliwaambia macho yangu hayajafika huko.

Mwishowe mkaza mwanangu aliniambia twende tukachukue dawa ya matone. Mume wangu akafuatana nasi. Nilipoketishwa mbele ya mashine na kuambiwa niweke kidevu, wanipime urefu wa jicho, ndipo nilipoelewa nimeletwa ili nipasuliwe.

Daktari alikuwa binti mdogo kutoka bara. Aliniamkia shikamoo, akakaa chini akanisikiliza habari za mama mpaka mwisho. Kisha akaniwekea kiganjani lenzi ya kuonyeshea watu. Sikuiona. Niliihisi tu, laini, ndogo kama gamba la samaki, ina vijiguu viwili. Alinieleza kwamba siku hizi hukunjwa, ikaingizwa kwa tundu dogo lisilohitaji uzi, na ikifika ndani hujikunjua yenyewe.

"Ila kuna jambo moja, mama," akasema. "Hii ina umbali wake mmoja. Ungependa kuona mbali au karibu?"

Nikamuuliza kama hakuna ya kote kuwili. Akasema zipo, na zimeendelea kuboreshwa, lakini baadhi ya watu huona pete kwenye taa, na mistari myembamba huweza kuwapotea kidogo. Kwa mtu mwenye kazi ya kuchora, yeye asingeishauri.

Mume wangu alijibu kwa niaba yangu. Mbali, alisema, nisije nikagongwa. Mkaza mwanangu akamuunga mkono. Daktari naye akakiri kuwa wengi huchagua mbali. Wote watatu wakawa wananingoja niitikie.

"Karibu," nikasema. "Umbali wa mkono wa mtu aliyeketi mbele yangu."

"Na barabara je?" mume wangu akauliza.

Daktari akamwambia ya barabarani nitapewa miwani. Njiani mume wangu alinishika kiwiko kwa nguvu mpaka tukafika nyumbani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu.

Siku ya kupasuliwa nilitiwa matone ya ganzi, nikafunikwa uso kwa shuka yenye tundu la jicho moja. Sikuruhusiwa kukohoa wala kugeuka. Mikono yangu ilikuwa chini ya shuka, na pumzi yangu ikinirudia yenye joto. Miezi yote ile ya kufungiwa uani sikuwahi kubanwa hivyo. Juu yangu palikuwa na mwanga mweupe tu, na maji yakipita. Nikatamani kuirarua ile shuka.

"Mwanangu, nashindwa," nikamwambia daktari.

Akasimamisha kazi. "Niko hapa, mama. Pumua polepole. Kichwa usikitikise."

Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyu moyoni bila kutikisa midomo. Nilipotea njiani, nikaanza upya, nikapotea tena. Nilikuwa katikati ya mara ya tatu aliponiambia lenzi inaingia. Ule mwanga ukavutika, ukakunjamana, kisha ukatulia.

Kesho yake walipoondoa bandeji niliona nyuzi za mkono wa buibui langu, moja moja. Mume wangu alisimama mlangoni, akaniuliza kama ninamwona. Alikuwa ukungu mtupu. Nikamwambia asogee. Alikuja hatua kwa hatua mpaka uso wake ukatokeza, na nikaona nyusi zake zimeingia mvi. Sikumwambia.

Sasa ninachora tena, asubuhi, kukiwa na mwanga mzuri. Nikitoka navaa miwani, na mkaza mwanangu hufuatana nami mpaka kwa wenye arusi, akangoja nimalize. Ameacha shughuli zake kwa ajili hiyo, nami sijui nimwambieje kwamba ningependa kwenda peke yangu. Jicho la pili bado. Mume wangu anasema hilo atalichagulia umbali yeye, na kila akilitaja nainamia piko yangu nikaikoroga.