Shikamoo ya Bafuni

"Mama, zima hiyo katuni! Nimesema zima!"

"Nizime, mzimu wa watu bado anaongea? Mwache amalize."

Prudensia alisimama katikati ya sebule, sare ya kazi bado mwilini, miguu imemvimba kama maandazi. Usiku kucha alikuwa akigeuza wazee vitandani kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Dallas, kisha akaendesha gari mpaka kwake Euless, macho yakijifumba yenyewe kwenye kila taa nyekundu. Alichotaka duniani ni usingizi tu. Ataupata wapi? Tangu shule zifungwe, Joyceline wake wa miaka saba hakanyagi bafuni peke yake. Haja ikimbana humtikisa mama yake kitandani: "Mommy, come with me." Kisa, katuni za mizimu ya vijijini Ujapani anazotazama na bibi yake mzaa baba, Dorothea. Yumo mmoja wa mtoni, kimo cha mtoto, gamba la kobe mgongoni, kisahani cha maji utosini. Huyo hupenya kwenye matundu ya maji ya bafuni na kuvuta watu miguu.

"Jana nimesinzia nikimlisha mzee wa watu," Prudensia alimwambia mkwewe, hana hata nguvu ya kugomba. "Msimamizi kaniambia nikirudia, kazi basi. Unanisikia, Mama?"

"Nakusikia, mwanangu. Ndiyo maana nimeshamtibu mtoto."

"Umemtibu na nini?"

"Yule wa mtoni ana adabu zake. Ukimwinamia, naye anainama, maji yanamwagika, nguvu kwisha. Basi nikamfundisha mtoto shikamoo, tena kwa kupiga goti. Mimi kwetu nilikutana na mmoja, mkubwa kama friji hilo. Nikamwamkia. Atamlaje aliyemwamkia? Mpaka leo ananitumia salamu."

"Uongo wako utaniua, Mama."

"Uongo? Haya, mwanao yuko wapi saa hizi?"

Prudensia akatazama kochi. Tupu. Kule ndani maji ya choo yakasikika yakishuka. Kaenda peke yake! Akainama kuvua viatu, kitanda akikiona kabisa mbele ya macho.

"Mama, kama ni kweli, Jumapili nakupikia ndizi kwa nyama mpaka useme…"

Mlango ukafunguka. Joyceline akaingia, mikono ikichuruzika maji, uso umechangamka.

"Bibi," akasema, tena kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili chake kilikuwa salamu tu, "ameitika."

Kiatu kikabaki mkononi mwa Prudensia. Akamgeukia mkwewe, na Dorothea akachukua rimoti, akaizima katuni mwenyewe.