Gudi la Angani Sebuleni Kwetu

Mwaka ule mvua zilichelewa kukatika. Bibi yangu mzaa mama alishuka kutoka Mahenge kuja Ifakara kutibiwa macho, akafikia kwetu, na alinikuta katikati ya ujenzi. Kazi inayonilisha ni duka la fotokopi na kuchapa barua za watu, lakini jioni huandika hadithi za meli za angani. Sekondari moja ya Michenga ilikuwa imenialika niwasomee wanafunzi sura moja, na mwalimu aliniomba nije pia na kitu cha kuonyesha.

Nikaamua kuwapelekea gudi. Gudi ni mahali meli inapowekwa pakavu ili iundwe au itengenezwe, ila la kwenye hadithi yangu linaelea juu kabisa, likiizunguka dunia. Nilikuwa nimelichora mpaka nalijua kuliko jiko langu: mbavu ndefu zilizopinda kama za samaki, mikono ya kuishika meli isiyumbe, vyumba vya mafundi ubavuni, na milango miwili mikubwa, wa kuingilia na wa kutokea. Mume wangu analima mpunga Mchombe na hana subira na kitu kisicholiwa. Hata hivyo aliniletea mianzi, akaniambia ameileta ili nisije nikagusa fito za banda lake la kuku.

Bibi aliketi kwenye kiti jicho moja limefungwa bandeji, akinitazama kwa lile lingine. Huniita mke mwenzake, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Aliuliza meli hiyo ina kiburi gani hata isishuke chini ikatengenezwa kama pikipiki. Nikamweleza kwamba ni kubwa kama Ifakara nzima. Ikiundwa ardhini haitanyanyuka milele, uzito wake wenyewe utaikalisha. Kule juu vitu havina uzito, fundi anaweza kusukuma ukuta wa chuma kwa kiganja.

"Chombo kikubwa, bibi," nilimwambia, "hujengwa palepale kinapoondokea."

Sentensi hiyo niliipenda. Nilimwambia mume wangu, nikamwambia jirani, nikawaambia na wateja dukani. Bibi alisema kumbe hilo gudi ni zizi la meli, na tangu siku hiyo akawa ananiuliza kila asubuhi, nikishamaliza kumwamkia, kama zizi limeshafagiliwa.

Kwa sababu ya mvua nilijengea sebuleni. Meli niliisuka kwa mianzi, nikaivika viroba vyeupe vya mchele nilivyovishona kwa mkono. Mbavu za gudi, pamoja na mikono yake, nilizifunga kuizunguka kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Chakula tukawa tunakulia barazani.

Jumamosi ya safari mume wangu alikuja na guta la kubebea mizigo. Tulifungua mbavu, tukaibeba meli hadi mlangoni. Pua ikapita, tumbo likakwama. Tuliilaza ubavu, tukaigeuza, tukaitanguliza mkia. Dirishani kulikuwa na nondo. Mume wangu alizunguka akasimama nje, akaupima mlango kwa mikono yake.

Bibi alituacha tutoke jasho kwanza.

"Mke mwenzangu," akasema, "hebu nikumbushe. Chombo kikubwa hujengwa wapi?"

Nilikaa chini sakafuni. Nilitaka kulia, lakini huko nje mume wangu alikuwa ameegemea ukuta anacheka mpaka amejishika mbavu, na mimi nikajikuta nacheka naye. Kisha nikaomba msumeno. Nilitaka mkono unaoikata uwe wangu, na nilipofika kiunoni mwa meli roho iliniuma kama nachinja mbuzi niliyemfuga mwenyewe.

Bibi alikataa kubaki. Tukapanda bajaji, mimi na yeye, guta likatutangulia kwenye matope likiwa limebeba nusu mbili za meli na mbavu za gudi. Njiani watu waliuliza ni turubai la harusi ya nani.

Shuleni sikuwa na la kuficha. Niliwaambia wanafunzi yaliyotokea, wakacheka, halafu wakaomba waiunganishe wao. Walisimamisha mbavu kwanza, wakazining'iniza zile nusu mbili kwenye mikono ya gudi, zikawa zinaelea juu ya sakafu. Msichana mmoja akaisukuma nusu ya nyuma kwa kidole, ikasogea taratibu ikakutana na mwenzake. Miezi yote nilikuwa nimeeleza gudi ni la nini, na sikuwahi kuliona likifanya kazi yake mpaka dakika ile. Niliikunja ile sura niliyokuja kuisoma, nikaitia mkobani.

Msichana yuleyule akanyoosha mkono, akasema shikamoo, akauliza: "Kama meli haiwezi kujengwa chini, gudi lenyewe lilijengwa wapi?"

Nikamjibu kwamba lilipandishwa kipande kwa kipande. Akataka kujua kipande cha kwanza kilipokelewa na nani. Ukumbi ulicheka, nami nikakiri kwamba hilo sikuwahi kuliwaza. Bibi, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, alimgeukia.

"Usimbane sana, mjukuu wangu," alisema. "Huyu hata mlango wa kwake ulimshinda."

Meli na gudi tuliviacha shuleni, maana wanafunzi hawakutaka kuviachia. Bibi alirudi Mahenge anaona vizuri. Mimi nikaanza kuandika sura mpya, ya mwanamke aliyetangulia kwenda huko juu kukipokea kipande cha kwanza: amejifunga kamba kiunoni, hana ukuta wa kuegemea, chini yake dunia nzima. Niliiona ndiyo sura nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Jioni moja nikampigia bibi simu, nikamsomea yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi wa kweli:

"Lakini amekula?"

Nikarudi mezani, nikamwandikia chakula.