Siku Tuliyong'oa Bustani ya Mama

Sisi tuliokulia katika vijiji vya Awendo tulichuma mboga maji yakiwa tayari yanachemka mekoni. Bustani ya Mama ilikuwa nyuma ya jiko, ndogo tu, lakini ilitulisha watoto sita: kunde, saga au mgagani, mrenda ambao kwetu huitwa apoth, na maboga yaliyotambaa hadi chooni. Tulichuma alfajiri, pekupeku, umande ukitulowesha magoti, na vidole vikabaki kijani mpaka shuleni, ambako mwalimu wa zamu alitukagua kucha na kutuchapa. Saga ilichemshwa, ikamiminiwa maziwa, ikalazwa chunguni siku mbili hadi uchungu ukaisha. Kwa ugali wa mtama, ulilamba vidole ukasahau kunawa.

Mama alikuwa na sheria moja. "Chuma kwa kucha, using'oe. Ukiing'oa, kesho utakula nini?"

Nilikuwa darasa la tano Baba alipoamua shamba lote liwe la miwa. Majirani walikuwa wamepanda, naye hakutaka kubaki nyuma. Mama alimsihi amwachie kipande kile tu cha bustani.

"Mama Akinyi, trekta litazungukaje mboga?" Baba akamjibu. "Miwa ikikomaa utanunua mboga yoyote sokoni."

Trekta likaja. Mama akamwomba dereva angoje kidogo; dereva akazima injini, akaketi kivulini. Kisha Mama akatugeukia sisi watoto.

"Leo ng'oeni."

Tulidhani ni sikukuu. Tuling'oa tukicheka, tukishindana nani ana rundo kubwa, mizizi ikiturushia udongo machoni. Mama akawaita majirani waje wabebe. Mchana tukala mboga za aina nne kwa mpigo, na dereva naye akapakuliwa. Sijawahi kula mavuno matamu kama yale, na naona aibu kulisema, kwa sababu Mama alikaa mlangoni na udongo mikononi, asionje chochote. Nilimpelekea tonge.

"Kula wewe, nyathina," akasema. Mwanangu. Trekta likaanza kunguruma.

Miwa ikakua hadi hatukuiona tena nyumba ya jirani. Mama akawa mtu wa kwenda sokoni kununua kunde zilizonyauka kwa jua. Mara moja alipanda saga kwenye debe kuukuu, kuku wakaimaliza. Hakujaribu tena. Alipofariki, ilibidi mistari miwili ya miwa ikatwe ndipo apate pa kulala.

Siku hizi naishi Migori mjini. Watoto wangu wakiona mrenda unavutika huuliza kama umeharibika. Chakula chao lazima kipigwe picha kwanza, na mrenda, wanasema, haupendezi kwenye picha. Siwacheki sana. Mimi mwenyewe hununua mboga iliyokwisha kukatwakatwa, nisijue imeota wapi.

Baba amezeeka. Kila nikitaka kwenda nyumbani, hunipigia simu: "Akinyi, ukija nibebee mboga." Basi natoka mjini kupeleka mboga shambani! Mwezi uliopita nilimpikia mrenda. Alionja, akaisukuma sahani polepole.

"Hii si apoth," akasema.

"Nitakupandia, Baba."

Akatazama nje dirishani, miwa upande huu, kisha miwa upande ule.

"Wapi?" akauliza.