Mimi Ndiye Niliyesema Madishi Yang'olewe

Kosa ni langu na sitaki mtu anitetee. Siku hizi silali. Nageuka kitandani, naamka, nakunywa maji, narudi. Acha niseme hapa ambapo hamnijui.

Naishi kwenye fleti huku Umoja, na mimi ndiye mwakilishi wa wapangaji. Kitu kikiharibika wananiambia mimi, nami namwambia landlodi.

Kwenye mlango unaotazamana na wangu alikaa Mama Zeinab. Nikichelewa kazini Industrial Area, mtoto wangu alikula kwake na kufanyia homuwaki kwake. Aliishi na mama yake mzazi, bibi aliyepooza miguu. Huyo bibi alikuwa na raha moja tu, ile stesheni inayoonyesha Makka moja kwa moja, ambayo waliipata kwa dishi lao pale juu ya paa.

Basi akaja mtu wa kampuni ya kebo. Alitaka jengo zima liwe lao peke yao. Akaniambia, "Madam, ongea na landlodi akubali, na wewe utatazama bure mpaka uhame." Mpira wote, sinema zote. Tamaa ikaniingia.

Nikampigia landlodi, nikamwambia madishi ndiyo yanatoboa paa, ndiyo maana nyumba za juu zinavuja. Ulikuwa uongo. Paa lilikuwa limezeeka tu.

Wiki hiyo hiyo mafundi wakapanda, wakayang'oa yote. Tukabaki na kebo moja, utake usitake, na kwenye kebo hiyo Makka haikuwepo.

Kuta zetu ni nyembamba. Nilikuwa nikimsikia bibi, "Mwanangu, mbona hamnifungulii Makka?" Kila siku swali ni hilo.

Mama Zeinab akanijia. "Dada, landlodi anakusikiza wewe. Nisaidie, mama ameanza kukataa chakula."

Nikamwambia, "Nitajaribu."

Sikujaribu. Nilifunga mlango nikarudi kwa mpira, na hata sikuona nani alifunga bao.

Halafu siku moja fundi wa kebo alikuwa kwangu akirekebisha waya, Mama Zeinab akamleta mtoto wangu. Fundi akacheka, akamwambia, "Huyu ndiye alitupatia hii ploti, jengo lote. Bila yeye hayo madishi yangekuwa bado huko juu."

Mama Zeinab akaniangalia. "Ni wewe?"

Akamsukuma mtoto ndani polepole, akaenda kwake. Mwisho wa mwezi wakahamia Eastleigh.

Nilirudi kwa landlodi nikamwambia ukweli. Akasema ameshaweka sahihi, nisimsumbue. Nikaenda Eastleigh kuomba msamaha. Mama Zeinab alisimama mlangoni, nyuma yake nikamwona bibi ameketi mbele ya Makka yake, ametulia. Sikukaribishwa ndani.

"Nimekusamehe," akaniambia. "Lakini usije tena."

Sasa mtoto wangu akitoka shule anajifungia peke yake na hiyo TV ya bure. Nampigia simu, baada ya muda mfupi nampigia tena. Ameshika simu? Amekula? Huniuliza Mama Zeinab atarudi lini, na mimi hujifanya sijasikia.

Wewe uliyechaguliwa na majirani, mtu akikuita pembeni akupe ofa yako peke yako, mwambie angoje. Nenda ubishe mlango wa jirani, aje asikie.